Mpiga besi anaweza kuwa meneja? Mtazame Chas Chandler

Umeuliza kama mpiga besi anaweza kweli kuwa meneja na prodyuza wa maana. Anaweza sana! Chas Chandler alipiga besi The Animals, bendi ya roki ya Uingereza. Mwaka 1966, bendi ikielekea kuvunjika, alimsikia kijana mmoja akipiga gitaa kwenye klabu ya Cafe Wha?, New York. Kijana huyo ni Jimi Hendrix. Septemba mwaka huohuo akampeleka London, wakawapata Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma, na inasimuliwa kwamba Chandler aliuza hadi magitaa yake kugharamia kazi hiyo.

Studio alitaka nyimbo fupi na kurekodi haraka, maana pesa ilikuwa ya kubana. Albamu mbili za kwanza za Hendrix zilitoka 1967, na mimi nasikia mkono wake humo waziwazi. Wakati wa albamu ya tatu, 1968, Hendrix alirudia vipande bila kuchoka na studio ikajaa wageni, Chandler akajitoa.

Wanaosema alibahatisha tu wanaisahau Slade, bendi nyingine ya roki ya Uingereza. Aliwasimamia na kuwarekodi yeye mwenyewe, wakapata nyimbo 6 zilizoshika namba moja Uingereza.