Matufaha ya kuoka yanapopasuka

Dada yangu, pole. Umesema matufaha yako yamepasuka kwenye oveni yakawa uji, na viungo havikusikika. Kwanza angalia aina. Yale mekundu laini ya kula hivi hivi hayahimili moto. Nunua ya kijani, Granny Smith, magumu na yenye ukali.

Toa moyo kwa kisu chembamba ukianzia kwenye kikonyo, lakini usitoboe hadi chini, siagi itavuja yote. Kisha chanja ganda mstari mmoja kuzunguka kiuno cha tunda. Mkato huo ndio njia ya mvuke, nao wengi wanausahau.

Kwa matufaha 4, changanya sukari guru vijiko 4 vya chakula, siagi vijiko 2, mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, zabibu kavu kiasi, na iliki 3 ulizotwanga papo hapo. Ya unga wa dukani mara nyingi imeshapoteza harufu. Karafuu ni punje moja tu, ikizidi hutasikia ladha nyingine. Shindilia ndani, mimina maji moto nusu kikombe kwenye trei, oka nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 45. Katikati chota mchuzi wa kwenye trei uyamwagie juu.

Umeme ukikatika, tumia sufuria nzito: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Yameiva kisu kikipenya bila kukwama na tunda bado limesimama. Yaleni yangali moto.