Maswali ya Wasomaji: Dar hadi Mbeya na Mbwa na Paka Garini

SWALI: Ndugu wahariri, Hiace yetu tumeitengeneza iwe na kitanda na jiko la gesi. Mwezi Juni tunakwenda Mbeya kwa barabara, tukilala njiani. Mbwa wetu ana kilo 25 na hatuna wa kumwachia. Fundi anasema betri ya pili na feni ya volti 12 zinatosha kumkinga na joto. Je, ni kweli? – Msomaji, Tabata

JIBU: Usiku zinatosha, mchana hazitoshi. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Feni inayozungusha hewa ya moto ndani ya gari lililofungwa haimsaidii kitu. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 40 ndani katika dakika 20, hata vioo vikiachwa wazi upana wa vidole viwili. Mkishuka kula Chalinze, mmoja wenu akae na mbwa kivulini.

Pangeni safari kwa kufuata jua. Siku ya kwanza ishieni Morogoro, takriban kilomita 190 tu. Kesho yake ondokeni saa 12 asubuhi na mumshushe mbwa ajisaidie Doma, kwa sababu mbele yake barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Humo asishuke hata kidogo, maana wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi hifadhini. Vioo vifungwe, kwani mbung'o huingia garini na wanaweza kumwambukiza mbwa ugonjwa wa nagana.

Pa kuogopa zaidi ni Kitonga. Bonde la Ruaha Mbuyuni lina joto kali, halafu mnaanza kupanda mlima nyuma ya malori kwa gia ndogo. Mshale wa joto la injini ukipanda, dereva huzima AC ili kuipunguzia injini mzigo, na aliye nyuma ndiye anayeumia. Fikeni Ruaha Mbuyuni kabla ya saa 5 asubuhi, mumlowanishe mbwa tumbo na nyayo, kisha mpande vioo vikiwa wazi. Bebeni maji yake peke yake, lita 3 kwa siku.

Akihema bila kupumzika, ulimi ukawa mwekundu sana, mate yakawa mazito au akaanza kuyumba, simamisheni gari palepale. Pimeni joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. La kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 40 na dalili hizo zipo, mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee. Hapo feni inafanya kazi, kwa sababu manyoya yameloa. Acheni kumwagia likishuka hadi 39.5, asije akapoa kupita kiasi. Hata akiinuka na kutikisa mkia, apelekwe kwa daktari wa mifugo Iringa siku hiyohiyo, kwa kuwa figo zinaweza kuharibika siku moja au mbili baadaye.

Kuhusu umeme: feni ya ampia 2 kwa saa 9 hula ampia-saa (Ah) 18, na betri ya risasi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mko salama. Mwambieni fundi aweke fyuzi pande zote mbili za waya unaounganisha betri. Mafundi wengi huweka upande wa injini tu, na waya ukichunika karibu na betri ya pili, gari linaungua. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu yake kila mnapoondoka.

SWALI: Paka wangu hulia na kutapika kuanzia Ubungo hadi Kibaha. Jirani ananishauri nimpe nusu ya Panadol atulie. – Mama wa Kimara

JIBU: Mama, usithubutu. Panadol ni sumu kwa paka hata kwa kiasi hicho: ini lake haliwezi kuivunja, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Dawa ya kuzuia kutapika ipo, lakini ipimwe na daktari wa mifugo kwa uzito wake. Usimpe chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya safari, maji apewe. Wiki mbili kabla, weka tundu lake sebuleni mlango ukiwa wazi, na umlishie humo. Garini likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, limefunikwa kwa khanga. Mafinga mwezi Juni usiku ni baridi kweli, mwongezee blanketi.

SWALI: Tunasafiri na mbwa na paka pamoja. Chanjo na dawa ya kupe vipi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wote wawili, angalau siku 30 kabla, na kadi halisi iwe garini. Mwoneni daktari wa mifugo wa wilaya kwa ajili ya kibali cha kusafirisha wanyama. Kuhusu kupe, someni chupa: dawa nyingi za mbwa zina pemetrini (permethrin), na paka akimlamba au kumlalia mbwa aliyepakwa, anaweza kufa kwa degedege. Ombeni ya mbwa isiyo na pemetrini.

SWALI: Mashambani mbwa aachwe huru? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana, awe kwenye kamba ya mita 2. Ilula nyanya hupuliziwa dawa, na maji ya mifereji huwa nayo. Magunia ya vitunguu mliyonunua Ruaha Mbuyuni yafungwe juu ya keria: vitunguu huvunja chembe za damu za mbwa na paka, vibichi hata vilivyopikwa. Na mkila mahindi ya kuchoma, kusanyeni magunzi. Mbwa hulimeza gunzi zima, likaziba utumbo, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kutapika kila anachokula na kukosa choo. Hilo ni la upasuaji. Msimpe mafuta ya kula mkidhani litateleza.