Nimemwaga hela kwenye kompyuta na hedifoni, sasa sina amani

SWALI: Mambo vipi fundi. Nimetoa diski ngumu nikaweka SSD (hifadhi ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka), nikapandisha RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) kutoka GB 16 hadi 64, halafu nikanunua hedifoni za om 250 (ukinzani wa umeme) na DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali iwe ya kusikika kwenye hedifoni) ya kHz 192. Kompyuta inawaka chap, lakini hedifoni nikichomeka kwenye simu sauti iko chini kama mtu ananong'ona, na hiyo 192 kusema ukweli sisikii tofauti yoyote. Nirudishe vyote?

JIBU: Poa ndugu. SSD usiiguse, hiyo hela imeenda mahali pake kabisa. RAM sasa, fungua Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya kompyuta) siku umejaza kazi zako zote, ukiona haivuki hata GB 14 basi umelipia nafasi tupu, rudisha kama risiti ipo, na zile 16 ukizirudisha kwenye kompyuta ziwe vipande viwili vinavyofanana sio kimoja. Hedifoni hazina kosa lolote, om 250 zinataka volti ambayo simu nyingi hazitoi, zichomeke kwenye DAC yenyewe kama ina tundu la hedifoni na amplifaya ndani, utashtuka. Kuhusu 192, hiyo ni sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde, na masafa yanayoweza kubebwa ni nusu ya hapo; sikio la binadamu linaishia kwenye kHz 20 hivi (na umri unazidi kupunguza), CD tangu 1982 ziko kHz 44.1, nusu yake ni kama 22, kwahiyo zinafikia hapo bila shida, kwahiyo kutosikia tofauti ni kawaida tu, masikio yako mazima. Na acha kusoma rivyuu za kitu ulichoshanunua bwana, utarudisha hadi waya.