Uvimbe Baada ya Upasuaji wa Ngiri: Mara Nyingi Ni Maji Tu

Kidonda kinakauka vizuri, halafu siku ya nne au ya saba unapapasa kinena na kukuta uvimbe palepale ilipokuwa ngiri. Wengi hudhani operesheni imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Hiyo ni seroma, majimaji ya manjano yaliyojikusanya kwenye nafasi iliyoachwa na kifuko cha ngiri. Ngiri iliyokuwa imeshuka hadi kwenye korodani huacha nafasi kubwa, na maji ndiyo huijaza.

Wavu unaowekwa kuziba tundu ilikopenya ngiri nao huchangia, kwa sababu mwili huuona kama kitu kigeni. Usilaumu bei yake: utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 ulilinganisha wavu wa gharama kubwa na wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, na matokeo ya mwaka wa kwanza yakakaribiana. (Chandarua chako kiache kitandani.)

Jipime hivi. Lala chali, ubonyeze uvimbe taratibu bila kulazimisha. Ngiri kwa kawaida hurudi ndani, maji hayana pa kwenda. Kisha simama, weka vidole viwili juu yake, ukohoe kidogo. Ngiri itavisukuma vidole, seroma itatulia. Ukibaki na shaka, ultrasaundi humaliza ubishi. Uvimbe uliotokea ndani ya siku mbili za kwanza, ukawa mgumu na ngozi imevilia, huenda ni damu, mwambie daktari.

Zungushia uvimbe mstari wa kalamu na uangalie kila baada ya siku tatu kama umeuvuka. Vaa chupi ya kubana mchana, na ukilala weka taulo dogo lililokunjwa chini ya korodani. Aliyeshonwa ngiri ya tumbo atumie mkanda wa tumbo kama alivyoelekezwa. Tembea, lakini ndoo ya lita 20 waachie wengine kwa wiki 4 hadi 6.

Sasa lile linaloharibu kazi nzuri: kukandwa kwa maji ya moto, kuchanjwa chale, au kumwomba mhudumu wa duka la dawa "ayatoe kidogo" kwa sindano. Sindano inaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye wavu. Wavu hauna mishipa ya damu, kwa hiyo vijidudu vikishajishikiza hapo, dawa huvifikia kwa shida, na wakati mwingine hubidi mtu apasuliwe tena wavu utolewe. Seroma nyingi hunyonywa na mwili zenyewe ndani ya wiki 6 hadi 8, nyingine huchukua miezi mitatu. Daktari huyavuta maji hayo pale tu yanapouma, yanapoivuta ngozi au yanapogoma kuondoka, tena kwa vifaa safi kabisa. Hata hivyo yanaweza kujaa upya.

Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na bomba la kutolea maji, chupa ikae chini ya usawa wa kidonda. Pima maji saa ileile kila siku, andika kiasi na rangi. Madaktari wengi huliondoa yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24. Usilivute mwenyewe.

Homa ya nyuzi 38, wekundu unaosambaa, usaha, au uvimbe mgumu unaouma pamoja na kutapika na kushindwa kujamba: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.