Tunataka kulea mtoto wa kaunsili, watatuhoji nini?

SWALI

Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga ila sasa naishi Leicester na mume wangu, yeye anafanya kazi weahausi, yaani ghala, mimi kea homu, nyumba ya kutunzia wasiojiweza. Tumeomba kuwa walezi wa kambo, hii ya huku watu wanaita kufosta, yaani kulea mtoto aliye chini ya uangalizi wa kaunsili, serikali ya mtaa ya huku. Wameshakuja nyumbani mara moja na sasa wanasema tathmini yenyewe inaanza, afisa ustawi atakuwa anakuja kila mara kutuhoji. Nina hofu anti. Mimi nimelelewa na shangazi sio mama, na nilichapwa sana, je niseme? Mume wangu zamani kabla hatujaoana aliwahi kufungiwa leseni kwa kuendesha amelewa. Nyumba ni ya kupanga. Halafu yeye mwenyewe anasema hayo mambo ni yako mimi nitasaini tu. Naomba unisaidie nijiandae vipi.
Mama Wawili, Leicester

JIBU

Marahaba mdogo wangu, hongereni kwa kufika hapo.

Nianze na la shangazi manake hilo ndio limenifurahisha. Sema, tena sema bila aibu. Kwetu mtoto kulelewa na shangazi au bibi ni kawaida mpaka hatulihesabu kama ni kitu, ila kwa huyo afisa hiyo ni mtaji, wewe unajua kabisa inakuwaje kulala usiku wa kwanza kwenye nyumba ya watu, hujui ukiomba wali mara ya pili utaambiwa mlafi au utaongezwa. Mtoto watakayekuletea atakuwa hapo hapo. Watachora na nyinyi mti wa ukoo, nani alikulea lini, nani alifariki, mlihama wapi, kwa hiyo kaa chini sasa hivi uandike miaka yako kwenye karatasi, usije ukaanza kuhesabu vidole mgeni yupo kwenye kochi.

Fimbo nayo useme. Hawakuulizi ili wamhukumu shangazi yako, wanataka kusikia wewe leo unalionaje lile jambo. Jibu linaloharibu ni lile letu la siku zote, nilichapwa na mbona nimekua vizuri tu. Ukisema hivyo wanajua na wa kwao ukichoka utamchapa. Scotland walipiga marufuku mzazi kumchapa mtoto mwaka 2020, Wales 2022, huko kwenu England mzazi bado ana kaupenyo kwenye sheria lakini mlezi wa kambo hana, utasaini mkataba kuwa humpigi, hata kofi la mkononi. Sasa wewe ujiulize kweli kweli, sio kwa ajili ya interview, mtoto akikutukana mbele ya wanao utafanya nini?

Na watakupa mifano. Mmoja unaopendwa sana: umetandika kitanda cha mtoto wa miaka tisa ukakuta chini ya mto kuna mkate na kipande cha kuku kimeshavunda. Wengi wetu tungekimbilia usafi, tungemwita tukampa somo. Mtoto aliyewahi kushinda njaa anaficha chakula manake haamini kama kesho kitakuwepo, ukimgombeza ataficha zaidi. Unautoa ule uliooza kimya kimya, unamwekea kikopo chake cha biskuti na ndizi chumbani, anajua ni chake na kikiisha kinajazwa, na unamwambia afisa wake ulichokiona. Mkifikiri hivyo mnaeleweka haraka.

Leseni ya mume: inaweza kuonekana kwenye DBS, ule ukaguzi wa rekodi za makosa ya jinai, na DBS inafanywa kwa kila mtu mwenye miaka 18 kwenda juu anayeishi hapo nyumbani. Makosa yanayofunga mlango moja kwa moja ni ya kudhuru watoto na mengine mazito, la barabarani la zamani linajadiliwa. Kinachowaponza watu ni kuficha. Aseme mwenyewe kabla hawajaliona, aseme na kilichobadilika tangu hapo. Na kwa vile mmeishi Tanzania wanaweza kutaka cheti cha tabia njema cha polisi wa huko, ulizia mapema, mambo ya alama za vidole yanakula muda.

Kupanga sio tatizo, chumba ndio ishu, kwa kawaida wanataka mtoto awe na chumba chake, kwa hiyo kama kile cha tatu ndio cha wageni kutoka nyumbani, wifi akija miezi mitatu atalala wapi? Watauliza. Watafungua na kabati la chini ya sinki, jiki na dawa za choo zipande juu, panado zifungiwe, vifaa vya kugundua moshi vipigwe testi. Nyumba yenye watoto isiyo na vurugu hata kidogo inawatia wasiwasi, usiwafanyie usafi wa Idi. Utaulizwa pia nani atakuwa nyumbani ukiwa na zamu za usiku, na kama mtoto ni Mkristo nani atampeleka kanisani, jibu hilo muwe mmelizungumza wawili, maana halina jibu la kubahatisha.

Wadhamini, yaani watu mtakaowataja wawaelezee nyinyi, angalau wawili watahojiwa uso kwa uso. Usichague mtu mkubwa msikitini anayekujua kwa salamu tu, chagua aliyewahi kukuachia wanawe, na umwambie ukweli kuwa ataulizwa mkigombana mnagombanaje. Wanao nao watasikilizwa, na kama kuna mzazi mwenzenu wa zamani anaweza kutafutwa.

Yote haya, pamoja na kipimo cha afya na kozi ya siku chache, yanaweza kufika miezi minane. Ripoti inaitwa Fomu F, mnapewa muisome kabla haijaenda kwenye paneli, kikao cha wajumbe wanaopitia maombi, isomeni mstari kwa mstari, tarehe zikikosewa semeni, kama kuna maneno hamkusema andikeni. Paneli inapendekeza tu, mwamuzi ni mtu mwingine wa hiyo huduma ya kufosta mliyoiomba, na akisema hapana mna siku 28 za kujitetea au kupeleka kwa chombo huru cha mapitio.

La mwisho ndio gumu. Hiyo nitasaini tu ya baba watoto haifiki mbali, kila mmoja anahojiwa peke yake na afisa atalisikia kwenye dakika ya kumi. Huyo mtoto ataamka saa nane usiku analia wewe ukiwa kea homu, atakayemfuata ni nani? Kaa naye muongee hilo hilo kabla ya ziara inayofuata, na kama jibu lake bado ni lile, mpigie afisa umwambie mnasubiri kidogo. Kusitisha kunaruhusiwa na mlango wa kurudi baadaye mnaubakisha wazi.