Kwa mnaoanza na mirija ya chavua: ncha kung'aa si ushahidi wa kalsiamu

Wadogo zangu, kila kundi jipya likiingia maabara naiona picha ileile kwenye ripoti: mrija wa chavua ya yungiyungi (mrija mwembamba unaoota kutoka kwenye chembe ya chavua), ncha inang'aa kwa rangi ya kupimia kalsiamu, na chini yake maelezo kwamba kalsiamu imejikusanya nchani. Kalsiamu kweli ipo pale, ila picha hiyo haijaionyesha. Tafadhalini, tulimalize jambo hili kabla hamjalifikisha kwenye tasnifu.

1. Chavua iliyotoka kwenye friza iacheni kwanza nusu saa kwenye kisanduku chenye unyevu. Ikitoswa ikiwa kavu, utando wake huvuja.

2. Mchanganyiko wa kuoteshea mirija ni sukrosi asilimia 7, asidi ya boriki milimola 1.6, KCl milimola 1, CaCl2 milimola 0.1, MES (ya kuituliza pH) milimola 15, pH 5.5. Msiisahau boroni: ndiyo inayofunganisha minyororo ya pektini (sukari ndefu za ukuta wa seli) ukutani, na isipokuwepo ncha hupasuka, nanyi mtaanza kuhangaika na sukari bure mkidhani kosa liko huko. Kalsiamu ya nje ikishuka chini ya mikromola 10 ukuta hulegea. Ikipita milimola 10 hukakamaa na mrija husimama.

3. Sasa picha yenyewe. Ncha imejaa vifuko vidogo vinavyobeba pektini ya ukuta mpya, huku plastidi na vakuoli zikibaki nyuma. Kwa hiyo rangi yoyote inayoelea kwenye saitoplazimu hupata nafasi kubwa zaidi nchani, hata ile isiyojali kalsiamu kabisa. Dungeni rodamini (rangi isiyopima kalsiamu) iliyoungwa na dekstrani (molekuli kubwa ya sukari) muone wenyewe.

Suluhisho ni uwiano: fura-2 (rangi ya kupimia kalsiamu) yenye dekstrani (bila dekstrani humezwa na vakuoli), picha moja kwa mwanga wa nanomita 340 na nyingine kwa 380, kisha mnagawanya ya kwanza kwa ya pili. Hapa ndipo wengi wanapoanguka mara ya pili. Mrija wenye afya hukua mikromita 0.2 hadi 0.3 kwa sekunde. Kichujio kikichukua sekunde 2 kubadilika, ncha imeshasogea karibu nusu mikromita. Mkianza na 380 ndipo 340, pale ncha ilipofika kuna mwanga wa 340, lakini picha ya 380 haina kitu. Mkigawanya, unatokea ukingo mwekundu mzuri (nyekundu ikimaanisha uwiano mkubwa) mbele kabisa ya mrija, na kila mtu anafurahi. Geuzeni mpangilio, muanze na 340. Ukingo ukififia au kutoweka, basi ulitokana na mwendo wa mrija. Toeni pia mwanga wa nyuma kwenye kila picha kabla ya kugawanya, maana pembezoni mnakuwa mnagawanya kelele kwa kelele. Mteremko wa kweli wa kalsiamu, yaani kupungua kwake kutoka nchani kwenda nyuma, hustahimili majaribio yote haya: mikromola 2 hadi 10 nchani, kisha hushuka hadi nanomola 150 hadi 300 ndani ya mikromita 20 za mwanzo.

4. Mrija wa yungiyungi ukishapita mikromita 700 hivi, kasi yake hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 15 hadi 50. Picha moja kwa nusu dakika haitawaambia kitu; pigeni kila sekunde 3.

5. Mkitaka kuishika kalsiamu ya nje, EGTA (kemikali ya kuishika) kwenye pH 5.5 ni kupoteza muda. Nguvu yake ya kushika kalsiamu hupungua takriban mara 100 kwa kila pH 1 inayoshuka, na ikishika huachia protoni zinazozidi kuchachusha mchanganyiko. Tumieni BAPTA, ya kazi hiyohiyo.

6. Mkipima kama dawa inabadilisha mwelekeo wa ukuaji, kumbukeni: mrija uliosimama hauna mwelekeo wa kupima. Latrankulini B, hata nanomola chache tu, huzuia aktini mpya (nyuzi za ndani ya seli) kujengeka karibu na ncha, na mrija husimama ilhali saitoplazimu bado inazunguka kwenye shina. Mteremko wa kalsiamu nao hupotea ukuaji ukikoma. Hivyo "dawa imeharibu mwelekeo" mara nyingi humaanisha dawa imeua kasi. Mwaka 1996 watafiti Malhó na Trewavas waliachilia kalsiamu upande mmoja tu wa ncha, na mrija ukageukia upande huo. Hilo ndilo jaribio la mwelekeo. Nanyi pimeni pembe ya mhimili wa ncha kabla na baada, kwa mirija ambayo kasi yake bado inalingana na ya kontroli (mirija isiyotiwa dawa). Iliyopungua kasi iwekeni kwenye jedwali lake peke yake.