Kisigino Kilichonifunza Kusoma Picha

Juzi kijana mmoja wa Wete anayesomea mionzi kaniandikia: "Shikamoo dada. Nimefeli tena mtihani wa kusoma picha, na kesi nimepitia zaidi ya 500 kwenye simu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, ila moyo haukutulia. Yaliyomkuta yalinikuta.

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Pemba, msimu wa karafuu, aliletwa mzee aliyeanguka mkarafuuni. Vidole vimemganda weusi, shuka yote inanukia karafuu mbichi. Analalamikia kisigino tu. Nikapiga eksirei ya mguu, nikaona mfupa wa kisigino umebonyea. Pembe ya Böhler, yaani mwinamo wa mfupa huo unaopimwa kwenye picha ya ubavuni, ambayo kwa mtu mzima huwa kati ya nyuzi 20 na 40, kwake ilikuwa imelala kabisa. Nilifurahi! Nimeijua! Nikaandika, nikamwita anayefuata.

Siku ya tatu karudishwa, hawezi kukaa. Pingili ya kiuno imepondeka. Mkubwa wangu wa kazi hakunigombeza. Alizipanga picha zote mbili kwenye sanduku la taa, akauliza: "Mtu akianguka akatua kwa miguu, uzito unapanda mpaka wapi?" Kumbe karibu mmoja kati ya kumi wanaovunjika kisigino namna hiyo huwa ameumia na uti wa mgongo. Haya ile ninayo mpaka leo.

Na kusoma nilikuwa nasoma. Usiku kucha niko Radiopaedia, hazina ya kesi aliyoianzisha Frank Gaillard wa Australia mwaka 2005, ya bure, na naishukuru. Lakini nilikuwa nafungua kesi na jibu lake pamoja, tena nachagua uvimbe adimu wa ubongo. Jicho langu halijapata kutafuta kitu hata siku moja.

Ndipo nikaanza mkusanyo wangu. Kesi ya kwanza, kisigino kile. Leo zimepita 200: mapafu ya kifua kikuu, vibofu vya kichocho vilivyoota chokaa ukutani, na picha nyingi za watu wenye afya, maana asiyejua mzima atamwonaje mgonjwa? Jibu naliweka ukurasa wa nyuma. Kwanza naandika ninachokiona, ndiyo nafunua. Ikinishinda, nairudia baada ya mwezi.

Omba ruhusa kwa wakubwa wako kabla ya kuhifadhi chochote. Jina la mgonjwa lifute pembeni mwa picha na ndani ya faili pia. Hii ni amana, jamani. Kisiwa chetu kidogo, watu wanajuana. Na acheni kurushiana picha za wagonjwa kwenye magrupu ya WhatsApp mkadai mnasoma!

Nasema tena: ficha jibu. Ukishaona tatizo moja kwenye picha, usisimame, tafuta la pili.

Mdogo wangu wa Wete, zile picha zilizokuangusha mtihanini bila shaka unazikumbuka. Anza na hizo.